Hati safi, saini ya mjomba na mikopo kausha damu: maswali yenu

Halmashauri yetu imepata hati safi miaka kadhaa mfululizo, na mkurugenzi haachi kulitaja hilo kila akishika kipaza sauti. Lakini zahanati ya kijiji chetu imeishia kwenye lenta na nyasi zimeota ndani. CAG huwa haioni? (Msomaji aliyeomba halmashauri yake isitajwe)

Huenda CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ameiona, na huenda imo kwenye ripoti yake. Tatizo ni kwamba mitaani hati safi tumeipa kazi isiyo yake. Mkaguzi akitoa hati hiyo anakuwa amejibu swali moja tu: je, taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango vya uhasibu vya sekta ya umma, na zinaonyesha hali halisi bila makosa makubwa? Sasa zahanati yenu, kama kwenye vitabu imeandikwa kuwa mradi unaoendelea kujengwa, na fedha zilizotumika zimeandikwa sawasawa, basi vitabu vimesema kweli. Vimekiri wenyewe kwamba jengo halijaisha. Hati inatoka safi, na mama mjamzito anaendelea kupanda bodaboda kwenda kujifungulia kata ya jirani.

Ripoti za CAG hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi, na Aprili huwa zimeshafika Bungeni. Ya serikali za mitaa ni kitabu chake peke yake na kinapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ukikifungua, usikae sana kwenye jedwali la hati. Nenda kwenye sura ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka ya nyuma. Hapo ndipo utaona hoja za mkaguzi: zilizofungwa, zilizo kwenye utekelezaji, na zile zinazojirudia kila mwaka kwa maneno yaleyale. Halmashauri yenye hati safi na rundo la hoja zinazojirudia inajua kuandika kuliko inavyojua kusimamia.

Kisha mtafute diwani wako. Baraza la madiwani huwa na kikao maalumu cha kujadili hoja za CAG, mara nyingi mkuu wa mkoa akiwepo. Usimuulize diwani kama hati ni safi. Muulize ni hoja ipi inaihusu zahanati, nani ametajwa kuijibu, na mwaka jana alijibu nini. Ukiona anababaika, jua kablasha la kikao hakulifungua. Ninavyoona mimi, udhaifu mkubwa uko hapo zaidi kuliko kwa mkaguzi: tuna watu wengi wa kukagua na wachache wa kukataa majibu mepesi.

Shikamoo. Mjomba wangu ana kampuni ya usafirishaji. Ananiomba niwe mkurugenzi "wa jina tu": nisaini fomu, mengine nimwachie yeye. Ndiye aliyenisomesha, nashindwa kumkatalia. (Tanga)

Marahaba. Mkurugenzi wa jina hayumo kwenye Sheria ya Makampuni. Ukishaandikishwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, unadaiwa uaminifu na uangalifu sawa na mkurugenzi anayeshinda ofisini, na ukiulizwa baadaye, "sikujua" itakusaidia kidogo sana.

Angalia yaliyoipata Imperial Bank ya Kenya. Septemba 2015 mkurugenzi mtendaji wake, Abdulmalek Janmohamed, alifariki ghafla. Wiki chache baadaye waliobaki ofisini wakaanza kukuta mikopo iliyokuwa imefichwa nje ya hesabu zilizokuwa zikipelekwa kwa bodi na kwa Benki Kuu. Bodi yenyewe ndiyo iliyokwenda kutoa taarifa, na tarehe 13 Oktoba benki ikafungwa na kuwekwa mikononi mwa shirika la bima ya amana. Wakati huo ilikuwa imetoka kukusanya shilingi bilioni 2 za Kenya kwa hatifungani (hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji), ambayo ilikuwa haijaanza hata kuuzwa sokoni. Wakurugenzi walisema hawakujua. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iliwataka wajieleze, na mabishano yakafika mahakamani.

Benki ile haikukosa taratibu. Ilikuwa na bodi, wakaguzi wa nje na msimamizi wa serikali, na kila mmoja alikuwa na makaratasi yake. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa ndani anayeweza kumwambia bosi "hapana, hili silipitishi" na kesho yake akaja kazini kama kawaida. Bosi alikuwa mwerevu, alifanikiwa, na alipendwa. Nani angempinga?

Kwa hiyo mjomba usimkatalie. Mwambie umeheshimika, na kwa kuwa jina lako litakuwemo, ungependa kuona hesabu za miaka miwili, uthibitisho wa kodi kutoka TRA, bima za magari, na mikopo ya benki iliyodhaminiwa kwa mali ya kampuni. Omba pia kikao cha bodi walau mara nne kwa mwaka, chenye muhtasari ulioandikwa. Akikubali, utakuwa mkurugenzi wa kweli na huenda ukamwokoa siku moja. Akikasirika kwa kuombwa hesabu tu, umeshapata jibu lako, na shangazi atawapatanisha.

Mwenyekiti wa SACCOS yetu na meneja ni mashemeji. Kamati ya usimamizi wanalipwa posho na meneja huyohuyo, tena akijisikia. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa, inaongezeka. Wanachama tufanye nini? (Mwanachama, Mwanza)

Ushemeji si kosa kisheria, ila ulipaswa kutangazwa kama mgongano wa maslahi na kuandikwa kwenye muhtasari. Kinachonitisha ni posho. Kamati ya usimamizi huchaguliwa na mkutano mkuu na huwajibika kwa mkutano mkuu. Ipo kwa ajili ya kuichungulia bodi na menejimenti. Mchunguzi akimsubiri anayechunguzwa ampe nauli, unadhani atachunguza nini?

Dawa yake ni ya kawaida na mnayo wenyewe. Kwenye mkutano mkuu, mnapopitisha makisio ya mapato na matumizi na ukomo wa madeni, wekeni kifungu cha kamati ya usimamizi peke yake, chenye kiasi na ratiba ya vikao, ili meneja awe mlipaji tu, asiwe mwamuzi. Ombeni pia orodha ya mikopo ya wajumbe wa bodi na watendaji: nani anadaiwa, kiasi gani, analipa au amesimama. Msikubali jumla kuu peke yake.

Mkipata nafasi ya kuona hati za malipo, zitazameni kwa macho. Hati nzuri ina aliyeandaa, aliyekagua na aliyeidhinisha, watu watatu tofauti. Niliwahi kuonyeshwa faili moja ambamo saini zote tatu zilikuwa za wino uleule, tarehe ileile, na ya mkaguzi ilikuwa imewekwa kwenye hati ambazo kiasi kilikuwa bado hakijajazwa. Alizisaini tupu, rundo zima, kabla ya kwenda likizo. Kwenye karatasi udhibiti ulikuwepo wote.

Bodi ikigoma, someni masharti ya chama chenu muone ni wanachama wangapi wanaweza kuitisha mkutano mkuu maalumu, na barua yenu mumpelekee Mrajis Msaidizi wa mkoa. Ulizeni pia hesabu zilikaguliwa na nani, COASCO (shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika) au kampuni nyingine, kisha wasilianeni naye moja kwa moja mthibitishe. Msinione mshakunaku. KUSCCO, chama mwavuli cha sacco za Kenya, kilipochunguzwa na PwC, ripoti ilisema zaidi ya shilingi bilioni 13 za huko zilikuwa hazipo, na kwamba miongoni mwa hesabu kulikuwa na zilizobeba saini ya mkaguzi aliyekuwa ameshafariki.

Tulisajili kampuni watu wawili, hatujafanya biashara hata ya shilingi moja. Kuna tunachodaiwa? (Dodoma)

Kipo. Taarifa ya mwaka BRELA, ndani ya siku 28 tangu kutimia kwa mwaka wa usajili, kampuni iwe inafanya kazi au imelala. Ucheleweshaji una faini na faini huwa inakua. Kama mna TIN ya kampuni, ritani TRA mnapeleka hata kama ni za sifuri. Taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni, nazo ziwe sahihi. Kama biashara yenyewe mmeshaiacha, ombeni kampuni ifutwe kwenye daftari badala ya kuikimbia.

Nilichelewa kidogo kulipa mkopo wa programu ya simu. Wamemtumia ujumbe bosi wangu, marafiki, na mama mkwe, kwamba mimi ni tapeli. Wana haki? (Dar es Salaam)

Hawana. Kudai ni haki yao, kukuanika siyo. Ulipopakua programu uliiruhusu isome orodha ya namba zako, na wengi huruhusu bila kusoma. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililokusanyiwa, na mama mkwe hakuomba mkopo wala hakukudhamini. Tunza picha za skrini zenye namba na tarehe, kisha peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kabla ya hapo, tazama kama mkopeshaji ana leseni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji wasiopokea amana wako daraja la pili na wanapewa leseni na Benki Kuu, ambayo orodha yao iko kwenye tovuti yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kama wako yumo, mripoti huko pia. Kama ana leseni, usiifurahie sana: mtake akupe mkataba, riba na tozo kwa maandishi, maana mwenye leseni ana cha kupoteza na barua yako ataijibu.

Deni lenyewe bado ni deni, panga namna ya kulilipa na udai risiti. Na mama mkwe mpigie wewe leo, kabla hawajamtumia ujumbe wa pili.