Macho ya Mwanasesere Yamedondokea Kichwani

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu bibi yangu aliniachia mwanasesere mwenye kichwa cha kauri, ambaye nyuma ya shingo yake pameandikwa neno “Germany”. Alikuwa akifumba macho kila alipolazwa, lakini tangu tuhame kutoka Mpwapwa kuja Dodoma mjini, macho yote mawili yamedondokea ndani na yanagongana kama kokoto kwenye debe. Fundi mmoja amenishauri niyabandike kwa supaglu. Je, nimsikilize?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, usimsikilize. Supaglu inapokauka hutoa mvuke unaoweza kuacha ukungu mweupe juu ya kioo, na ikiushika waya unaobeba macho, mwanasesere wako hatafumba tena.

Alama uliyoikuta shingoni inasaidia kidogo. Sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingizwa huko zionyeshe nchi zilikotoka, kwa hiyo yaelekea huyu alitengenezwa baada ya hapo. Katika vichwa vya namna hiyo, macho mawili ya kioo huunganishwa kwa waya ambao ncha zake hukaa ndani ya plasta ya jasi, upande wa panja, na katikati huning’inia kipande cha madini ya risasi ambacho uzito wake huyageuza macho mwanasesere anapolazwa. Plasta hiyo ndiyo iliyopasuka safarini.

Kabla hujamsogeza tena, mlaze kifudifudi juu ya kanga iliyokunjwa, ubandue wigi polepole kuanzia kisogoni, kisha uondoe kifuniko kilicho chini yake na kuyatoa macho, kwa maana risasi ile inaweza kuupasua uso kutoka ndani. Risasi ni sumu: nawa mikono, na watoto wasiiguse. Vumbi kwenye kioo lipanguse kwa pamba kavu. Usitumie spiriti, kwani kope za macho haya mara nyingi hupakwa nta yenye rangi.

Unga wa jasi hauna shida kupatikana kwetu, maana hata Itigi yanachimbwa majabali yake, na maduka ya vifaa vya ujenzi huuuza kwa ajili ya dari. Paka vaselini kwenye ncha za waya ili plasta isiung’ang’anie, rudisha macho mahali pake, yashikilie kwa mbele kwa nta laini hadi yatazame sawa (hapa ndipo penye kazi, na huenda ukarudia mara tatu), kisha weka plasta kidogo kwenye kila ncha bila kugusa kioo. Gandisha pia kipande cha kizibo ndani ya kidevu, ili risasi isigonge kauri. Hata kwa ukavu wa hewa ya Dodoma, subiri siku nzima kabla ya kutoa nta na kumsimamisha.