Povu la asidi halitambulishi tumbawe

SWALI: Mtaalamu, tukichimba shimo la choo hapa Mtwapa tumepata jiwe zito lililojaa viduara vyenye mistari ndani. Jirani anasema ni kimondo. Fundi amelidondoshea asidi ya betri, likatoa povu, akasema basi ni tumbawe la kale, tulioshe lote kwa asidi ili maua yatokeze. Picha nimekutumia. Tufanyeje?

JIBU: Hiyo asidi iwekeni mbali leo hii. Kila jiwe la chokaa hutoa povu, na kombe la chaza pia, hata saruji iliyokauka. Tumbawe hutambulikana kwa umbo la vikombe vyake, na umbo hilo ndilo linaloliwa na asidi kwanza. Tena asidi ya betri ikigusa chokaa huacha utando mweupe wa jasi, kwa hiyo maua mnayoyatafuta ndiyo yanayozibwa. Naletewa mawe mazuri yameshaharibiwa hivi, na inaniuma kila mara.

Lisugueni taratibu kwa maji na mswaki laini. Likikauka, litazameni kwa lenzi, mwanga ukitokea ubavuni. Kila kiduara kilikuwa makao ya mnyama mmoja. Kama kila kimoja kina ukuta wake, huenda ni tumbawe la jamii ya Dipsastraea. Vikigawana kuta kama sega la nyuki, ni jamii ya Favites. Mabonde yanayojipinda yangekuwa Platygyra, na vitundu vya milimita moja hivi vilivyobanana, Porites. Naegemea hayo mawili ya mwanzo, ila picha haina rula, siwezi kukata shauri.

Kimondo hakina viduara vya namna hiyo. Uzito umetokana na maji ya mvua, ambayo kwa karne nyingi yamejaza vitundu kwa fuwele za kalsaiti, yaani madini ya chokaa. Mwambao wenu umekaa juu ya miamba ya matumbawe yaliyokuwa hai yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ikiwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Fort Jesus imejengwa juu ya miamba ya aina hiyo hiyo.

Basi akija mtu kuwaambia ni marijani ya mamilioni na kwamba mlipe kwanza ada ya kupima, msimpe hata shilingi. Marijani ya vito ni kitu kingine kabisa, na mawe kama yenu huchimbwa Pwani kwa kujengea na kutengenezea saruji. Faida yake kwetu ni kujua lilikotoka, na hilo hupotea mara tu jiwe likihamishwa bila maandishi. Kabla fundi hajajengea shimo, pimeni kina lilipokuwa, pigeni picha ukuta wa shimo pamoja na rula, kisha mpeleke taarifa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus.