Anayeacha dawa mara nyingi anakimbia macho ya watu

Ninaishi na VVU miaka mingi sasa, na katika kikundi chetu mimi ni mmoja wa wanaotumwa kuwatafuta waliopotea kliniki. Mtu akishakuamini, ni nadra akwambie kidonge ndicho kilichomshinda. Siku hizi wengi wetu tunameza kimoja tu kwa siku. Atakwambia jirani alimkuta kwenye benchi la wanaosubiri ARV. Au amehamia kwa shemeji, na kopo la dawa linalia kila akigusa begi.

Hilo la kopo hulicheka wasiolibeba. Wapo wanaojaza pamba ndani ili lisilie. Ukilazimika kuhamisha vidonge, chukua vya siku chache tu. Vingine vibaki kwenye kopo lake, pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu.

Mliomo nyumbani na mwenye VVU, msimuulize alivipata wapi. Jibu halimponyi yeyote. Msimtengee kikombe pia: hakuna anayeambukizwa VVU kwa kula sahani moja na mtu, na aliyetengewa kikombe leo, kesho atameza dawa kwa kujificha, keshokutwa hamezi kabisa. Kumkumbusha ni vizuri, ila si mbele ya wageni. Nawajua ndugu wawili ambao ikifika saa ya dawa mmoja huuliza tu, "Dirisha umefunga?" Hata sebule ikiwa imejaa watu, mwenye kujua anajua.

Wenza nao wana hofu yao, na hofu haiondoki kwa kuambiwa "usiogope". Waelezwe utafiti wa PARTNER, uliotoa matokeo mwaka 2016 na 2019. Ulifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU, anatumia dawa na virusi vyake viko chini ya 200 kwa mililita ya damu, nao wakijamiiana bila kondomu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza huyo. Nimeona wanandoa wakilala chumba kimoja tena baada ya kuelewa hili.

Wahudumu, nitasema kwa heshima: aliyerudi baada ya miezi kadhaa keshajisuta vya kutosha njiani. Akifokewa dirishani mbele ya foleni, mtamsubiri sana.

Na wewe uliyesimama, rudi hata leo. Usianze kwa kuazima vidonge vya mwenzio. Sema kweli uliacha lini, maana huenda virusi vimejenga usugu, dawa ya zamani isivishinde tena, na mhudumu atahitaji kukupima. Ukishatulia, uliza kama unaweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita, upunguze safari. Kama kliniki ya jirani ina macho mengi, omba uhamisho wa maandishi uende ya mbali. Usihame kimyakimya, ukaacha nyuma faili lenye majibu yako yote ya wingi wa virusi.