Kwa mara ya kwanza, nenda peke yako

Swali la wiki la jarida hili lilikuwa: "Mtu anayeingia katika mbio za umma kwa mara ya kwanza, aende na kikundi chake au aende peke yake?" Majibu ya wasomaji yaliyokwishachapishwa yanashauri kikundi, na sababu zinazotolewa ni mbili: upweke na usalama. Naomba nafasi nijibu kinyume chake. Aende peke yake, na hasa ikiwa amezoea kufanya mazoezi ndani ya kikundi, kama tulivyo wengi wetu hapa Unguja.

Anayetoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri siku ya Jumapili na kupita Mnazi Mmoja, Maisara au Kilimani hakosi kukutana na vikundi vya mazoezi vikiwa katika mchakamchaka, wamejipanga safu, mmoja anatoa wimbo na wengine wanaitikia. Wimbo ndio unaopanga hatua. Aliye nyuma akianza kuchoka, kiongozi hupunguza. Aliye mbele akitaka kuchomoka, huitwa arudi safuni. Mimi ni mwanachama wa kikundi cha aina hiyo, na sina neno baya juu yake, kwa sababu bila ya kikundi nisingekuwa na pumzi ya kukimbia hata kutoka Jang'ombe hadi Mnazi Mmoja. Siku ya mazoezi ya kitaifa ya Januari 1, iwe ni uwanja wa Amani hapa Unguja au wa Gombani kule Pemba, nipo safuni na fulana yangu ya kikundi. Lakini katika mchakamchaka hakuna anayechagua mwendo wake, na mtu anaweza kukaa humo miaka bila ya kujua mwendo wake ni upi. Mbio zenye namba kifuani na saa kwenye mstari wa kumalizia zinauliza swali hilo hilo ambalo kikundi kimekuwa kikimjibia.

Fikirieni kinachotokea pale wanakikundi wanapoahidiana kwenda pamoja mwanzo mpaka mwisho. Mwenye kasi anajizuia, na hilo si jambo kubwa, atakachopoteza ni dakika tu. Anayeumia ni mzito wa mwendo, kwa sababu ya haya. Anaona wenzake wanamngojea, wanageuka nyuma kumtazama, naye kwa kutotaka kuwachelewesha anajilazimisha kwenda kwa kasi isiyo yake tangu kilomita ya kwanza. Anayekuja kukaa kando ya barabara ameshika ubavu mara nyingi si mvivu wala hakukosa mazoezi. Ni mtu aliyekuwa akikimbia mbio za mwenzake. Na sitaki nizungumze sana juu ya wale wanaoshikana mikono sita kwa safu moja wakaziba njia nzima, ingawa kila aliyewahi kukwama nyuma yao anajua nina maana gani.

Mbio ninazozitolea mfano zilikuwa za hisani, kilomita 10, mwezi wa Julai, wakati kusi linapuliza na joto limepungua. Wenzangu wa kikundi walijiandikisha kilomita 5, nami nikataka 10, kwa hivyo nilisimama Forodhani peke yangu kabla ya saa 12:30 asubuhi, jua halijachomoza vizuri, katikati ya umati ambao sikumjua mtu hata mmoja ndani yake.

Hapo ndipo upweke ulipo, na wasomaji wenzangu wana haki ya kuutaja. Ila uko kabla ya mbio, haumo ndani yake. Pembeni yako kuna kikundi kinapiga picha, kingine kimezunguka duara kinaomba dua, vijana wanapasha misuli moto kwa kurukaruka na kutaniana, na wewe huna la kufanya na mikono yako zaidi ya kukaza tena kamba za raba ambazo tayari umezikaza. Mama mmoja wa makamo, kwa lafudhi yake nikamtambua kuwa ni wa Pemba, alinitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Mwanangu, umekuja na nani?" Nikamjibu, "Peke yangu, mama." Akasema, "Basi simama hapa na sisi," na akanisogezea nafasi kana kwamba tuko shughulini na mkeka haujajaa. Hatukuonana tena baada ya mbio kuanza, wala haikuhitajika. Nasema hivi kwa sababu aliyekuja na kikundi chake hasogezewi nafasi na mtu, kwani tayari anayo.

Sasa niseme juu ya mahali pa kusimama, maana umati una hatari zake kwa mgeni. Wanaoanza mbele ni wale wanaoshindania zawadi. Mgeni akae katikati kuelekea nyuma, na asione vibaya, kwa sababu katika mbio zinazotumia chipu, yaani kifaa kidogo cha kupimia muda kilicho ndani ya namba, muda wake binafsi huanza kuhesabiwa anapovuka mkeka wa mstari wa kuanzia, hata kama watu wa mbele walishaondoka zamani. Hakuna anachoibiwa. Mlio wa kuanzia ukishatolewa, nyuma huko watu hutembea kwanza, kisha huanza kujikongoja, kisha ndipo hukimbia. Barabara ya Mizingani, yenye bahari upande mmoja na majumba upande wa pili, haina upana wa kumeza watu wote hao kwa pamoja, na anayejaribu kupenya kwa kwenda kombokombo kushoto na kulia anachosha miguu bure na kuongeza urefu wa njia yake. Ukitaka kumpita mtu, sema "simile" kwa adabu na upite. Mji Mkongwe wote unaielewa lugha hiyo.

Kwa aliye peke yake, kilomita ya kwanza ndiyo yenye mtihani wote. Umati unaokuzunguka unakwenda mbio, damu imechemka, na mwili haukupi dalili yoyote ya kuchoka, kwa sababu katika dakika za mwanzo misuli inatumia akiba yake ya nguvu, huku moyo na mapafu havijashika mwendo wake kamili. Deni hilo hulipwa baadaye, na kwetu hulipwa haraka zaidi kuliko nchi kavu za bara, kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu mwingi, jasho linatiririka bila ya kukauka, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Vijana walionipita Mizingani kama wanaokimbizwa niliwakuta kabla ya Darajani wameshikwa na kichomi, wameinama, mikono kiunoni. Katika kikundi tunapimana kwa kuimba: asiyeweza kuitikia wimbo amezidisha. Peke yako huna wa kuitikiana naye, lakini kipimo ni kile kile. Mimi nilikuwa nikisoma Suratul Ikhlas kwa sauti ya chini, na kila ilipokuwa inanikatikia katikati ya aya nilipunguza mwendo mpaka aya ikatoka nzima. Mwengine atasoma anachokijua. Jambo la msingi ni kuwa na kitu cha kutamka, kwa sababu saa ya mkononi inakwambia kasi tu na haijui pumzi zako.

Tanzania imewahi kuwa na bingwa wa kwenda mbele peke yake. Filbert Bayi, huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo mpaka mwisho bila ya kumngoja mtu amvutie mwendo, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Msijaribu kumuiga kwa kasi. Ninachomtajia ni kwamba alikuwa anaujua mwendo wake na hakuuliza kwa jirani.

Kuanzia Darajani kuelekea Michenzani barabara ilipanuka, umati ukalegea, na ndipo nilipoanza kuzifurahia zile mbio. Wazee wametoka barazani na vikombe vyao vya kahawa, watoto wamejipanga ukingoni wakinyoosha viganja vigongwe, na chini ya majumba ya Michenzani palikuwa na mwanamke kwenye roshani ya juu anapiga vigelegele kwa kila mtu anayepita, bila ya kubagua. Aliye katika kikundi hushangiliwa kama kikundi. Aliye peke yake huitwa mwenyewe: "Mama wa mtandio wa buluu, kaza!" Ni dogo, lakini miguuni linafanya kazi.

Nisifiche na upande wa pili. Nilipokuwa naelekea Amani, kijana mmoja aliyekaa juu ya pikipiki yake alipaza sauti kuniuliza iwapo mume wangu ana habari kuwa niko barabarani, na wenzake wakacheka. Wasomaji waliotaja usalama wa wanawake nadhani walikuwa na mambo kama haya akilini. Jibu langu ni kwamba maneno hayo husemwa hata tukiwa ishirini safuni, tofauti ni kuwa safuni tunayazima kwa wimbo. Siku ya mbio njia imefungwa, askari wako kwenye makutano, watu wa huduma ya kwanza wapo, na kila baada ya mita chache kuna mkimbiaji mwenzako. Kwa mwanamke anayetaka kujua ladha ya kukimbia bila ya mtu wa kumshika mkono, sioni asubuhi iliyo salama zaidi ya hiyo katika mwaka mzima. Mavazi nayo yasiwe kizuizi: suruali pana, kanzu fupi ya kitambaa chepesi kisichonyonya jasho, na mtandio uliobanwa vizuri usihitaji kurekebishwa njiani. Pamba tupu iepukwe, maana ikishalowa huwa nzito na hukwaruza.

Juu ya maji nitasema machache. Meza ya kwanza ya kituo ndiyo yenye msongamano, kwa hivyo nenda ya mwisho, chukua chupa, sogea pembeni, kisha ndipo upunguze mwendo. Usisimame ghafla mbele ya watu. Kunywa kwa kadiri ya kiu, wala usijaze tumbo kwa hofu ya jua.

Hofu ambayo haikutajwa katika majibu ya wasomaji, na ambayo naiona ndiyo inayowapeleka wengi kwenye kikundi, ni ya kuwa wa mwisho bila ya mtu wa kugawana naye aibu hiyo. Nchi yetu ina jibu la zamani kwa hilo. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, mguu umefungwa bendeji, watazamaji wengi wameshaondoka, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, na waulizeni watu wa barazani ni jina lipi kati ya hayo mawili wanalolikumbuka. Na katika mbio zetu za mtaani, wa mwisho si mpweke hata kidogo: nyuma yake kuna gari la wagonjwa, pikipiki za askari, na vijana wa kujitolea wanaokusanya chupa, wote wanakwenda kwa mwendo anaoutaka yeye.

Yapo maandalizi ambayo kwenye kikundi hufanywa na kiongozi na peke yako ni lazima uyafanye mwenyewe. Namba ichukuliwe siku moja kabla, si asubuhi ya mbio. Nyuma ya namba andika jina lako, simu ya jamaa yako, na maradhi uliyonayo ikiwa yapo. Ufunguo mmoja tu, ufungwe kwenye kamba ya raba. Mkoba uachwe nyumbani, kwa sababu huna wa kukushikia. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani njia itakayopitwa na saa unayotarajia kumaliza, na mkubaliane mahali pa kukutana palipo mbali na mstari wa kumalizia. Sisi tulirudi kupitia Shangani, na pale barabara inapopita chini ya jengo kabla ya kutokea Forodhani pamebana kiasi kwamba anayengojewa na anayengoja wanaweza kupishana wasionane. Daladala nazo haziingii mjini barabara zikifungwa, kwa hivyo hesabu na mwendo wa miguu wa kwenda na kurudi juu ya kilomita zako.

Wapo ambao ushauri wangu hauwahusu. Mwenye presha, sukari au pumu ambaye daktari wake hajamruhusu asiende kabisa, na aliyeruhusiwa aende na mtu anayejua hali yake na anayejua dawa iko mfuko gani. Mwenye ulemavu wa macho anahitaji mwongozaji, na mtoto mdogo anahitaji mzazi. Lakini huyo anayefuatana nao ajiandikishe rasmi na avae namba yake mwenyewe, kwa sababu mtu asiye na namba hutolewa njiani, na mwenye kumhitaji hubaki bila ya msaada katikati ya mbio.