Bingwa mpya wa viungo: beba dawa zako zote

Wiki hii karibu wote mmeniuliza baridi yabisi na kubadilisha daktari, basi tuanze.

Daktari wangu kahama, nimepewa rufaa kwa bingwa mpya. Nibebe nini? (Mama, Morogoro)

Mama, beba kila kitu. Majibu ya vipimo ya miaka yote, picha za eksirei zenyewe sio ripoti tu, na dawa zote unazomeza zitie kwenye mfuko uende nazo, zilizoisha beba boksi. Usiende kumwambia "natumia vile vya njano", methotreksati (dawa ya kutuliza baridi yabisi) ni ya njano na foliki asidi (vitamini) nayo ni ya njano, na kazi zao ni mbali kabisa. Na hili hujaniuliza lakini nalisema: methotreksati humezwa mara moja kwa WIKI. Chagua siku, iandike juu ya boksi kwa peni. Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku, jamani. Halafu mwambie ukiamka vidole vinachukua muda gani kulegea, dakika kumi au saa nzima, hiyo inamsaidia kuliko "naumwa mwili mzima".

Kipimo cha RF, kile cha damu cha baridi yabisi, kimetoka negativu, ina maana daktari wa kwanza aliyesema ninayo alinidanganya? (Mombasa)

Hapana. Wapo wagonjwa kabisa hakiwashiki, na wapo wazima kinawashika.

Nikiacha nyama nyekundu nitapona?

Hapana. Hayo ya nyama ni ya jongo, ugonjwa mwingine, nshajibu mara nyingi mno, someni kwanza ndo muulize.

Natumia dawa ya unga ya kienyeji, inanisaidia sana kuliko za hospitali. Nimwambie bingwa au atanikaripia? (Kaka, Tanga)

Mwambie, na pakiti umpelekee. Kaka yangu, dawa inayokata maumivu ndani ya siku mbili, ukaanza kuwa na njaa muda wote na uso unajaa, jiulize ndani kuna nini. Marekani mwaka 2022 mamlaka yao ya dawa ilitoa onyo kuhusu vidonge vya viungo vinaitwa Artri King, vinauzwa kama mitishamba, kupima wakakuta diklofenaki (ya maumivu) na deksamethasoni (ni steroidi), na kwenye boksi haikuandikwa. Sisemi yako ndo hivyo, nasema huwezi kujua kwa kuangalia. Na ikiwa ni steroidi ukaacha ghafla asubuhi ya kliniki ili uonekane msafi, unaweza ukaanguka, maana mwili ukizizoea kwa muda mrefu unapunguza kutengeneza za kwake, zinashushwa taratibu na daktari. Ukiendelea nazo kimya kimya nako kuna sukari, presha, mifupa kulika. Na nyie madaktari mnaonisoma, acheni kuwafokea wagonjwa, ndo maana wanaficha.

Niende kwa bingwa wa mifupa au wa magonjwa ya ndani?

Vidole vinavimba mikono yote miwili, asubuhi vimekakamaa? Magonjwa ya ndani, kinga ya mwili ndio inashambulia viungo. Wa rumatolojia, yaani aliyebobea magonjwa kama haya ya viungo, akipatikana ni bora zaidi ila ni wachache. Wa mifupa utamhitaji goti likishaharibika, na tunachotaka lisifike huko.

Nataka mtoto, nimtajie siku ya kwanza? (Dada, Nairobi)

Siku hiyo hiyo dada, na kabla hujaacha uzazi wa mpango. Methotreksati inaharibu mimba, huwa inaachwa miezi kadhaa kabla, na zipo nyingine unazoweza kuendelea nazo ukiwa mjamzito. Ila usiache mwenyewe kimya kimya, ugonjwa ukichachamaa utakusumbua mimba nzima.

Kliniki ni baada ya miezi miwili, dawa zinaisha wiki ijayo.

Rudi kwa aliyekuandikia rufaa, sio dukani. Akuandikie za kukufikisha na akupime damu, ini na figo, bingwa atayataka hayo majibu. Kumeza diklofenaki ya dukani kila siku miezi miwili unaweza kumfikia bingwa na vidonda vya tumbo juu ya viungo.