Maswali na Majibu: Mkataba Una Jina la Nani?

Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Kasarani mimi na rafiki yangu, kodi 24,000, kila mtu nusu. Amehama bila notisi na mwenye nyumba ananidai yote. Si anidai nusu yangu tu?

Mkataba una jina la nani? Kama ni lako peke yako, deni lote ni lako, hata kama keyateka, yule mwangalizi wa ploti, mwenyewe alimsaidia rafiki yako kupandisha kitanda. Kama mlitia sahihi wawili, soma vizuri: mikataba mingi inasema kila mmoja anawajibika kwa kodi nzima, kwa hiyo mwenye nyumba humshika aliye karibu, naye ni wewe.

Mwandikie leo umweleze nani amehama na tarehe gani. Usimwambie "kula dipoziti". Wanaosema hivyo hujikuta mwezi ujao hawana kodi wala dipoziti ya kuhamia kwingine. Tafuta mwenzako mpya, amrudishie aliyeondoka sehemu yake ya dipoziti baada ya kukata anachodaiwa, kwa M-Pesa, si mkononi. Jina lake liingie kwenye mkataba kabla godoro halijaingia mlangoni.

Na hiyo "kila mtu nusu" iacheni. Mwenye chumba chenye bafu ndani alipe 13,500, mwingine 10,500. Anayepika kwa koili ya umeme pia hawezi kuchanga tokeni sawa na anayekula kibandani.

Shemeji alikuja kwa wiki mbili kutafuta kazi. Huu ni mwezi wa tano. Nifanyeje?

Mpe tarehe, mbele ya aliyemleta.

Nimekaa na mwanaume miaka mitano na tuna mtoto. Majirani wananijua kama mke wake. Kisheria si mimi ni mke?

Hili linaletwa kila mara, na naona hamsomi majibu ya wenzenu. Miaka haioi mtu. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema mwaka 2023 kwamba kuishi pamoja muda mrefu pekee hakutoshi. Anayedai ndoa ndiye athibitishe: kwamba wote wawili walikuwa huru kuoana, walikuwa na nia, waliridhia, na walijitokeza kwa watu kama mume na mke. Katika kesi hiyo mmoja alikuwa bado kwenye ndoa nyingine, na dai la ndoa likaanguka. Mali ikagawanywa 70 kwa 30 kwa kuangalia mchango wa kila mmoja.

Basi tunza risiti za saruji na mabati zenye jina lako, na jumbe za M-Pesa. Kama mahari imepelekwa, sajilini ndoa ya kimila. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hivyo. Mtoto hana shida hapo: Kifungu cha 53 cha Katiba kinawabebesha baba na mama jukumu sawa, wawe wameoana au la.

Mama ana miaka 73, yuko peke yake Murang'a. Ndugu zangu wanasema nimlete kwangu Pipeline, ghorofa ya tano. Ni busara?

Hao ndugu wanachanga ngapi? Na mke wako ameulizwa? Maana atakayemwogesha mama si hao wanaopiga simu Jumapili.

Ghorofa ya tano bila lifti ni kifungo. Wiki ya kwanza atashuka, ya pili goti litakataa, halafu itabaki kutazama nguo za jirani zikikauka. Sensa ya 2019 ilipata wastani wa watu 2.9 kwa kaya Nairobi, dhidi ya 3.9 nchi nzima, na wajenzi wetu hawamkumbuki nyanya kabisa. Tazama choo chako: cha kuchuchumaa, bomba la kuogea juu yake, sakafu ya vigae yenye sabuni. Hapo ndipo nyonga huvunjika.

Hamia nyumba ya chini kwanza. Weka chuma cha kushikilia ukutani, kifungwe kwenye jiwe lenyewe, si kwenye plasta, pamoja na kiti cha plastiki bafuni na taa inayowaka usiku kucha. Aje na kitabu chake cha kliniki na dawa za mwezi mzima. Kwa SHA, bima ya afya ya serikali, usidhani analindwa na mchango wako. Asajiliwe kwa jina lake, na mchango wa mwaka ulipwe kabla hajaugua. Kama yumo kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, ile 2,000 ya mwezi isipotee kwa sababu amehama.

Akae mwezi mmoja wa majaribio. Ng'ombe asiuzwe. Na anayeishi naye asichangishwe pesa sawa na walio mbali.

Nina miaka 28, niko kwa wazazi Umoja, mshahara 35,000. Nimepata bedsita, chumba kimoja cha kulala na kupikia, ya 9,000. Nihame?

Una 27,000 mkononi? Kodi, dipoziti, na tisa ya mwisho ya godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6 na dipoziti ya maji. Kama huna, kaa, lakini chukua bili moja nzima, stima au maji, uilipe kila mwezi. Kumpa mama mia tano ukikumbuka si kuchangia.

Kabla ya kulipa, nenda ile nyumba saa moja jioni ufungue mfereji, kisha uliza kama mita ya stima ni yako peke yako au ya ploti nzima. Pesa itumwe kwa akaunti iliyoandikwa kwenye mkataba, si kwa simu ya keyateka.