Bendisoo ya karakana ya nyumbani: anza na bledi, mashine baadaye

Ukienda Gerezani pale Dar es Salaam kutafuta bendisoo, yaani msumeno wa mkanda, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi, kisha atakuonesha mashine inayolingana na mfuko wako. Sisi tunaofanyia kazi uani huku Mtwara tuna swali linalotangulia bei: bledi ikikatika katikati ya kazi ya mtu, nitapata nyingine wapi? Maduka ya vifaa vya ujenzi ya hapa mjini yana bledi za msumeno wa duara na za jigisoo, za kila namna. Ya bendisoo, mara nyingi utaagiza Dar ije na basi, zaidi ya kilomita 500, na mteja wa mlango anasubiri.

Bledi ya bendisoo ni mkanda wa chuma uliounganishwa ncha kwa ncha, unaozunguka kwenye magurudumu mawili, la juu na la chini. Ukizidi sentimita chache haukazi, ukipungua hauingii. Kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi na ukubwa wa meza, uliza urefu wa bledi. Mashine nyingi za magurudumu ya inchi 14 zenye umbo lile la kizamani hutumia bledi ya milimita 2375 hivi, na kwa kuwa viwanda vingi vimeiga umbo hilo, bledi zake zinapatikana kirahisi. Hizi ndogo za inchi 8, 9 au 10 kila kiwanda kina urefu wake. Ni nzuri kwa kazi za mikato ya mapindo na vitu vidogo, ila hakikisha unaondoka dukani na bledi za akiba mkononi.

Mashine ya mtumba isiyo na kitabu wala bledi, pima mwenyewe. Weka gurudumu la juu katikati ya nafasi yake ya kupanda na kushuka, pima kutoka katikati ya ekseli ya juu hadi katikati ya ekseli ya chini, zidisha mara mbili, kisha ongeza kipenyo cha gurudumu mara 3.14. Ekseli zikiachana sentimita 63 na gurudumu likiwa na sentimita 35.5, unapata karibu 237.5, yaani ile ile 2375.

Kwa nini uhangaike na bendisoo wakati msumeno wa duara unao? Kwa sababu ya mninga. Mninga siku hizi si wa kuchezea, na bledi ya duara inakula kama milimita 3 kila unapopitisha, wakati ya bendisoo inakula karibu milimita 1. Ubao wa inchi 2 unauchana katikati, unaufungua kama kitabu, na mishipa ya mbao inakutana vizuri kwenye paneli ya mlango au kichwa cha kitanda. Msimu wa korosho ukifika na watu wameshalipwa, oda za milango na vitanda zinakuja kwa pamoja, na hapo ndipo utaona mbao ulizookoa zimekuwa hela.

Basi kama kuchana ndiyo kazi yako, angalia kimo cha kukata. Inchi 6 zinatosha karakana ya nyumbani. Nguvu ya mota isishuke chini ya farasi 1, na farasi moja na nusu, yaani kama wati 1,100, ndiyo raha. Vuta waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye bodi, usiunge kwenye waya wa taa, maana jioni umeme ukiwa mdogo mota inaguna bila kuzunguka na huko ndiko kuungua kwenyewe. Mashine ya fezi tatu hata ikiwa bei ya kutupa, kama nyumbani una fezi moja, jumlisha na bei ya mota mpya kwanza. Mtumba wa Uingereza unakubaliana na umeme wetu. Wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni volti 120 na mota yake imepangiwa hezi 60. Sisi ni 50, kwa hiyo hata ukiweka transfoma itazunguka polepole zaidi.

Kwa kuchana, funga bledi ya nusu inchi yenye meno 3 kwa inchi. Meno mengi yanajaa unga wa mbao, bledi inapata moto na kuanza kutembea pembeni, halafu fundi analaumu mashine. Kwa miguu ya viti yenye kupinda, robo inchi yenye meno 6 inageuka vizuri. Wauzaji husifu kwamba mashine inabeba bledi ya robo tatu ya inchi. Fremu ndogo haina nguvu ya kuikaza ipasavyo, achana nayo.

Mpingo ni habari nyingine. Mbao inayozama majini inamaliza meno ya bledi ya kawaida mapema sana. Na gogo la mviringo usilisukume kwa mikono mitupu: meno yanalivuta, linajiviringisha, na vidole viko hapo hapo. Tengeneza kitanda cha mbao chenye umbo la V, ulifunge humo ndipo ukate. Vaa barakoa pia. Vumbi la mkongo na mvule linawasha pua na kifua.

Ukikagua ya mtumba, zungusha magurudumu kwa mkono ukisikiliza beringi, na tazama kama mipira yake imepasuka. Mipira inabadilishwa. Fremu iliyopinda au ekseli ya juu inayocheza, mrudishie mwenyewe. Meza ya chuma cha kusubu ikiwa na kutu juu juu, isikutishe, inasuguliwa. Kwa upepo wa bahari wa Shangani au Mikindani kutu itarudi tu, hivyo paka nta ya nyuki au sugua mshumaa mara kwa mara, na legeza bledi kila unapofunga kazi.